Mwalimu wa Penseli

"Amepatikana mwenye sifa," mwalimu mkuu alisema, huku akipangusa miwani kwa pindo la shati kana kwamba habari yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye kioo na yeye anaifuta.

Mwalimu wa darasa la mtihani alikuwa bado mlangoni, chaki mkononi. "Sifa gani?"

"Sifa za ualimu, mwalimu. Cheti. Ofisi ya elimu wamenipigia asubuhi. Wanasema yupo, tena hapa hapa mtaani kwetu."

"Nani?"

"Wangenitajia jina, ningekuficha?"

Alivaa miwani akamtazama. Angemficha. Wote wawili walilijua hilo. Nje kengele iligongwa, na watoto wakaanza kukimbia ukumbini kama mchele uliomwagika.

Mwalimu alikuwa na kibali cha muda. Alisoma chuo cha ualimu hadi ukabaki muhula mmoja, ada ikakatika, akarudi nyumbani na vitabu bila cheti. Kisha shule ikaishiwa walimu. Wawili walihamishwa, mmoja alistaafu, na ofisi ikakubali wasiomaliza chuo wasimame darasani kwa kibali. Kibali kilimpa darasa, posho, na ahadi moja iliyokuwa kubwa kuliko posho: akimaliza mwaka, mwaka huo utahesabiwa kuwa mafunzo yake ya vitendo, na chuo kitampokea amalizie akiwa kazini. Kikifutwa katikati ya mwaka, hakihesabiwi kitu. Anaanza upya, kama mtu ambaye hakuwahi kushika chaki. Na kilikuwa rahisi kufutika, kwa sababu sharti la kwanza lilisema kibali kinasimama pale tu ambapo mwalimu mwenye sifa hapatikani katika eneo la shule.

Masharti mengine yalikuwa madogo, ya kuwasha tu. Haruhusiwi kutia saini rejista. Haruhusiwi kukaa na mzazi peke yake kujadili mtoto. Na haruhusiwi kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Nyekundu ni ya wenye vyeti. Yeye asahihishe kwa penseli, kisha mwalimu mlezi apitie juu ya penseli kwa nyekundu. Mlezi wake alikuwa mzee wa sayansi mwenye madarasa manne ya kwake na mguu unaomuuma kwa gauti. Hakupitia kitu. Daftari zilirudi nyumbani na tiki za kijivu, wazazi wakaziinua kwenye mwanga kuzitafuta, na watoto wakatafuta jina.

Mwalimu wa Penseli.

Mbele yake walisema "mwalimu" kwa adabu zote. Akigeuka kuandika ubaoni, mmoja wa nyuma alinong'ona, "Pole pole, mwalimu, utafutika," na darasa zima likapatwa na kikohozi.

Siku ile alifundisha sehemu na asilimia huku kichwani akipita mlango kwa mlango. Nani mwenye cheti hapa mtaani? Muuza dawa? Yule alisomea mifugo. Mke wa fundi mbao? Huyo hata barua husomewa. Alipita nyumba zote, mpaka alipofika kwake jioni na kushika komeo la mlango, akabaki ameshika komeo.

Wifi.

*

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, na alikuwa mwalimu wa cheti kabla mke huyu wa ndugu yake hajajua kuandika jina lake. Alikuja kwao baada ya kuacha kazi huko mbali alikokuwa. "Nimechoka," alisema, akashusha begi. Ndugu yake hakumwuliza zaidi. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kusikiliza mota kuliko watu, na dada huyo ndiye aliyemlea. Akapewa chumba cha mtoto, akalala na mtoto. Alipika, alifua, alimpeleka mtoto chekechea, na jioni alimsaidia mwalimu kusahihisha daftari. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemwomba, siku moja aliporudi hajiwezi.

Jioni hii alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, mgongo umegeuka, simu sikioni. Ananong'ona.

"Ndiyo, Jumatano. Nitafika… Hapana, hapa hawajui. Wasijue kwanza."

Mwalimu alikanyaga kijiti kwa makusudi. Wifi akageuka, akaishusha simu kama mtu aliyeshikwa na kitu cha watu.

"Umerudi, wifi? Pole na kazi." Sauti ya chini, ya chumba cha mgonjwa. Ndivyo alivyozungumza tangu aje, na siku zote mwalimu alidhani ni upole.

"Nimeshapoa. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtu tu."

"Mtu tu ana bahati. Anaambiwa tusiyoambiwa."

Wifi alitabasamu nusu, akaanza kuanua shuka ambazo zilikuwa bado mbichi.

Baada ya chakula walikaa mezani kama kawaida, rundo la daftari katikati. Wifi alichomoa kalamu yake nyekundu, akafungua daftari ya kwanza, mkono ukaanza kwenda wenyewe. Tiki. Tiki. Mstari chini ya kosa. Neno pembeni. Ukurasa. Jana mwalimu angesema asante. Leo alitazama kile kiganja kikipita juu ya majina ya watoto wake, mmoja baada ya mwingine, na akaona kitu kingine kabisa. Anajizoesha, alijiambia. Anajifunza majina.

"Wifi, huchoki?"

"Hii hainichoshi."

"Ulisema ualimu umekuchosha."

"Hii si ualimu. Ni daftari tu." Akafungua nyingine.

Chumbani mwalimu alifunga mlango akamgeukia mumewe, aliyekuwa anavua soksi.

"Dada yako ameomba kazi yangu."

"Dada yangu nani?"

"Una madada wangapi humu ndani?"

Fundi alicheka, kisha akaona uso wa mkewe akaacha. Akaelezwa yote: simu ya ofisi, mwenye sifa, kamba ya nguo, Jumatano, wasijue kwanza.

"Dada akitaka kitu anakisema mchana kweupe," alisema. "Humjui. Tulipokuwa wadogo akiita chakula tayari, watoto wa mtaa wa pili walikuja na sahani zao."

"Mbona siku hizi ananong'ona?"

"Amekuwa mtu mzima."

"Amekuwa na siri."

Fundi alikaa na soksi moja mkononi. Kwa kweli lilikuwa limemgusa, ila si kwa namna ambayo mkewe alitaka. Alikuwa anajaribu kukumbuka mara ya mwisho kumsikia dada yake akicheka kwa sauti, na hakuipata.

*

Jumatano wifi alivaa sketi yake ya kazini na viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi, akasema ana shughuli mjini. Hakusema shughuli gani, na hakuna aliyemwuliza, kwa sababu mwenye swali alikuwa darasani na asiye na swali alikuwa amelala chini ya jokofu la mteja.

Adhuhuri, mwalimu akitoka shule, alisimamishwa na fundi cherehani wa kona. Mama huyu alishona kwa miguu na kuangalia barabara kwa macho, na kazi zote mbili alizifanya vizuri.

"Mwalimu! Wifi yako leo kapendeza, jamani. Nimepishana naye, anashuka kituo cha ofisi za serikali. Kapata kazi?"

"Pengine."

"Hongereni! Si ni mwalimu wa kweli yule?" Akauma uzi. "Yaani, si kwamba wewe si wa kweli."

"Nimekuelewa, mama."

"Nimesema tu kwa kusema."

Kituo kile kilikuwa na majengo mawili yanayotazamana, na fundi cherehani alikuwa ametaja moja. Mwalimu hakuuliza lingine.

Wifi aliporudi alikuta jikoni kumewaka moto kabla jiko halijawashwa.

"Karibu kutoka ofisini," mwalimu alisema.

"Ofisini wapi?"

"Mimi ndiye wa kukwambia ulikokuwa?"

Wifi aliweka mkoba juu ya meza. Alitazama mlango, mtoto alikuwa nje anacheza, alitazama sufuria. "Nilikuwa na shughuli zangu, wifi."

"Shughuli zako ni darasa langu."

"Nini?"

"Ongea kwa sauti! Humu ndani unatambaa kama mtu anayeiba. Ungeniambia tu. Ungesema, wifi, mimi nina cheti, wewe huna, nipishe. Ningelia, ningepisha. Lakini kula kwangu, kusahihisha daftari zangu, kisha unapitia mlango wa nyuma…"

"Ningetaka darasa lako," wifi alisema, polepole, "ningelichukua siku niliyofika. Hukuwa unajua hata kupanga andalio la somo."

Lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilichoma. Wifi mwenyewe alilijutia kabla halijamaliza kutoka. Alikunja midomo, akachukua mkoba wake, akaenda chumba cha mtoto. Jioni ile daftari zilibaki zimefungwa mezani. Mwalimu alizisahihisha peke yake kwa penseli aliyoikopa kwenye kibweta cha mtoto, na kila tiki aliyoweka ilionekana kuomba msamaha.

*

Mwalimu na mwalimu mkuu waliitwa ofisini siku ya pili yake. Walikalishwa kwenye benchi la korido, katikati ya watu waliosubiri uhamisho, na karani mmoja alipita akauliza kwa sauti, "Yule wa kibali ndiye huyu?" Mwalimu mkuu akajisogeza kidogo, ionekane wamekaa wawili na si pamoja.

Ofisa wa elimu alikuwa mama wa makamo, mwepesi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mbele yake kulikuwa na rundo la daftari zilizofungwa kwa uzi wa katani. Mwalimu aliutambua uzi kabla ya daftari. Kila muhula madarasa ya kibali hupeleka daftari za sampuli ofisini. Hizi alizichagua mwenyewe, nadhifu kupita zote, akazifunga mwenyewe, akampa mwalimu mkuu kwa mikono miwili.

"Sogea," ofisa alisema. "Tazama hii tiki. Mkia mrefu, lakini haugusi maandishi ya mtoto. Hapa mtoto amekosea. Hajakatwa, amepigiwa mstari, na pembeni ameandikiwa, 'Rudia hatua ya pili.' Hakupewa jibu. Huyu amefundishwa kusahihisha, na amefanya hivi miaka. Mlezi wako simtaji. Nilisoma naye chuo kimoja, tiki zake zinafanana na kuku aliyekanyaga wino. Ndipo nikampigia mkuu wako nikamwambia, mwenye sifa yupo, tena yuko karibu sana na daftari hizi."

Mwalimu aliugusa ule uzi. "Kwa hiyo… hakuna aliyeleta maombi?"

"Maombi ya nini?"

"Ya darasa langu."

"Mwanangu, hakuna mtu anayeomba shule yenu. Ndiyo sababu wewe uko pale."

Mwalimu mkuu alikohoa. Ofisa akageuza daftari ikamtazama mwalimu. "Hati hii ya mkono ni ya nani?"

Aliijua tangu siku ile ya kwanza ya kusaidiwa. Alikuwa amempa wifi penseli. Asubuhi alifungua daftari akakuta nyekundu. Ilikuwa ni mazoea ya mkono tu, mtu wa cheti hata akiota anasahihisha kwa nyekundu. Alipaswa kusema. Lakini darasani watoto walifungua daftari zao, na msichana mmoja akaipapasa tiki yake kwa kidole kuona kama imekauka. Siku ile hakuna aliyekohoa. Wazazi wakaacha kumtazama viatu. Hakumwambia wifi kitu. Alichofanya ni kuacha kununua penseli.

"Ukisema ni yako," ofisa alisema, bila ukali, "umejivika usichopewa, na kibali nakifuta leo. Kama ni ya mtu mwingine, nataka kumwona."

"Ni ya wifi yangu." Lilitoka haraka kuliko alivyokusudia. Lilitoka kama lilikuwa limekaa pale mdomoni tangu Jumatano, likisubiri tu kuulizwa.

*

"Ofisi wanakuita," alimwambia wifi mchana ule ule.

"Mimi? Wananijuaje?"

"Kwa daftari. Kalamu nyekundu. Mimi siruhusiwi, natakiwa penseli."

Wifi aliuangalia mkono wake, pande zote mbili. "Wewe uliona?"

"Niliona."

"Muhula mzima?"

Mwalimu alianza kupanga daftari ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Nilidhani mlezi wako amekuruhusu," wifi alisema. "Nilidhani nakusaidia."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema nisamehe kwa yale ya jikoni, na mwalimu aliiona nafasi hiyo, pana kabisa. Lakini nyuma yake palikuwa na swali bado limesimama, halijajibiwa: kama si kazi, Jumatano ulikuwa wapi? Akaacha nafasi ipite.

Walikwenda watatu alasiri hiyo hiyo, fundi alifunga karakana akawasindikiza, na mwalimu mkuu akawakuta huko. Ofisa alimpa wifi kiti cha mbele.

"Karibu, mwalimu," alisema, na wifi akashtuka kwa neno hilo. "Nimefurahi kukuona kuliko unavyodhani. Darasa lipo, la mtihani. Makaratasi nitayasukuma mwenyewe. Unaanza lini?"

"Siwezi."

"Sisikii."

"Siwezi kufundisha, mama."

"Mbona unanong'ona? Humu hakuna mgonjwa."

"Yupo," wifi alisema. "Ndiye mimi."

Akaeleza, akitazama ukingo wa meza. Shule yake ya mwisho walimu walipungua, wakavunja ukuta, madarasa mawili yakawa moja chini ya paa la bati. Alifundisha yote mawili kwa mpigo. Sauti ikaanza kukwaruza, akanywa maji ya moto. Ikapotea, ikarudi, ikapotea. Sasa kila Jumatano, wenzake wakiwa kazini, anakwenda hospitali, hapo ng'ambo ya ofisi hizi, kwa daktari wa koo. Ndiye pekee ndani ya safari ya siku nzima kila upande, na amemwambia asipoacha mazoezi ya sauti, huenda ikarudi kidogo.

"Kwa nini hukutuambia, dada?" fundi aliuliza.

"Ningesemaje? Fundi asiye na mikono mnamwitaje? Nilitaka mnione mvivu tu. Uvivu hauonewi huruma."

Ofisa alikuwa amesikiliza kwa kuinama. Alichukua waraka mmoja, akausukuma mbele. "Samahani, mwalimu. Lazima niandike nimeshuhudia nini. Soma aya ya kwanza. Kwa sauti ya darasani."

Wifi alisimama. Akarudi nyuma hatua chache, mpaka ukutani, kama anayetafuta ubao. Akanyoosha mabega, na kwa mara ya kwanza tangu aje mwalimu alimwona jinsi alivyokuwa: mtu mrefu. Maneno ya mwanzo yalitoka manene, yakajaza chumba, fundi akainua kichwa kwa kuitambua sauti ya utotoni. Kisha ikapasuka. Ilipasuka kama kitambaa, kwa urefu, ikabaki pumzi inayokwaruza pumzi. Hakuacha. Aliisoma aya yote hadi nukta ya mwisho, midomo ikitembea, macho yakifuata mstari, hakuna kinachosikika ila mngurumo wa feni. Watu wa korido walikuwa wamesogea mlangoni kusikiliza.

Anaigiza, lilimpita mwalimu kichwani. Anaigiza vizuri. Aliona aibu hapo hapo. Kisha likampita tena.

"Dada, kaa," fundi alisema. "Kaa, inatosha."

Ofisa alivua kofia ya kalamu, akaivalisha tena. "Nakuamini. Lakini kwenye fomu hakuna pa kuandika kwamba nakuamini. Mpaka jopo la madaktari likuthibitishe, na linakaa mwisho wa mwaka, wewe kwangu ni mwalimu mwenye sifa unayeishi eneo la shule. Upo. Na ukiwepo wewe, kibali cha huyu lazima nikisimamishe."

"Ana darasa la mtihani," mwalimu mkuu alithubutu. "Nani atasimama pale?"

"Hakuna," ofisa alisema. "Kwa mujibu wa karatasi, yupo. Kwa mujibu wa darasa, hakuna. Unadhani mimi ndiye niliyeandika masharti haya?"

Wifi aliuweka waraka mezani, akaunyoosha.

"Na nisipoishi eneo hili?"

Ofisa alimtazama, akamtazama mwalimu, akarudi kwake. "Ukihama, eneo halina mwenye sifa. Kibali kinabaki. Hilo la wino nitampa onyo la mdomo. Ripoti yangu naituma Ijumaa."

*

Hakuna aliyelizungumza njiani, wala mezani. Wifi alisema tu, wakati wa kuondoa vyombo, kwamba yule binamu yao wa kule mashambani ana chumba. Fundi akauliza, "Na hospitali?" Akajibiwa, "Nitakuja nikipata nafasi," na wote walijua umbali wa huko.

Fundi alimfuata mkewe chumbani. "Mwambie abaki."

"Mwambie wewe. Ni dada yako."

"Mimi akinisikia atasema namwonea huruma. Wewe ndiye uliyemtaja. Likitoka kwako atalipokea."

"Na darasa langu?"

"Sijasema kuhusu darasa. Nimesema kuhusu dada."

"Ni kitu kimoja, mume wangu. Ungekuwa umesikiliza mle ofisini ungejua ni kitu kimoja."

Alikaa kitandani karibu naye. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa na mwisho ambao mkewe hakuwahi kuufikia. "Mwaka huu ungeurudia mwakani," alisema. "Tungebana."

"Tungebana wapi? Niambie sehemu ambayo bado haijabanwa."

Fundi aliinama akaanza kufungua kamba za viatu. Baadaye alisema, kama anajisemea, "Sauti haina mwakani."

"Nitamwambia," mwalimu alisema. "Kesho asubuhi nitamwambia." Na alikuwa amekusudia. Alilala amelipanga neno lote: Baki, wifi, haya mengine tutayaona.

Ijumaa alimkuta amekwisha kufunga begi. Chumba cha mtoto kilikuwa kimefagiwa, godoro limekunjwa, shuka zimepangwa juu kwa adabu ya mgeni. Hata hilo lilimtia mashaka: ni wema huu, au ni njia ya kumwonyesha yeye ni nani? Mtu anaweza kukupigia kelele kwa kukunja shuka.

"Shangazi anakwenda wapi?" mtoto aliuliza.

"Kusalimia," alisema baba yake, akajitwika begi, akatangulia nje haraka.

Wifi alibaki kizingitini. Alifunga kilemba chake, akakifungua, akakifunga upya kwa upande mwingine. Hakikuwa na kasoro mara ya kwanza. Mwalimu alielewa anapewa muda. Alikuwa ameshavaa nguo za shule, mkoba begani, na pale penye neno lake alilolipanga sasa palikuwa na watoto wake wamekaa wakisubiri mlango ufunguliwe, na mwaka mzima uliobaki kidogo tu uishe.

Wifi alikifunga kilemba mara ya tatu. Taratibu kabisa.

"Umechukua chaja?" mwalimu alisema.

Mikono ya wifi ilisimama juu ya kichwa, kisha ikashuka.

"Nimechukua."

Alishuka ngazi. Chini alisimama, akageuka nusu, akasema kitu kingine, kwa ile sauti yake ya chini, na fundi wakati huo huo akawa anaita kwamba basi haliwezi kusubiri. Mwalimu hakulisikia neno lenyewe. Aliona midomo tu. Hakumwomba arudie. Njia nzima hadi shuleni alikuwa analikisia, huenda lilikuwa kwaheri, huenda lilikuwa kuhusu mtoto, na alipofika langoni alikuwa amelikisia mara nyingi, na kila alilolikisia lilikuwa baya kuliko lililotangulia.